Mshipa Uliosahau Kurudi

Mikono yangu ndiyo iliyonipatia bwana. Sisemi hivi kwa kujisifu, Kiptere nzima inajua. Huku kwetu msichana mwenye mikono mirefu ni mali. Anasimama njiani kati ya michai, anafika katikati ya kichaka bila kuegemea, na kabla jirani hajajaza kikapu nusu, yeye ameshakwenda kumwaga. Mama mkwe wangu aliponiona mara ya kwanza hakuangalia uso, aliangalia vidole. "Huyu atachuma," akasema mbele yangu, kama mtu aliyekwenda mnadani kuchagua ng'ombe. Joel, ambaye ni mfupi, mnene na mwenye haya, akatazama viatu vyake akicheka.

Nyumbani kwetu wote tulikuwa hivyo. Baba yangu aliinama kila mlango aliopita. Ndugu yangu Wesley alikuwa na miguu mirefu mpaka watu wakawa wanasema ukoo huu Mungu aliuumba siku ambayo udongo ulikuwa mwingi. Na ukiwa mrefu hivyo huku, tena mwembamba, hakuna anayekuuliza kama u mzima. Unatafutiwa viatu vya kukimbia. Wesley alikimbia, akashinda vikombe, akarudi kulima chai kama sisi wengine. Kisha siku moja akaanguka pale kituo cha majani ya chai akisubiri kupimiwa, kikapu bado kiko mgongoni, na hakuamka. Wengine walisema presha. Wengine walisema ameangaliwa na jicho baya. Mchungaji alisema saa yake imefika. Tukamzika, na mahali alipoangukia watu wakaendelea kupanga vikapu.

Hakuna aliyesema ni mshipa wa moyo. Tungejuaje?

Naandika haya nikiwa nimepona, au tuseme nimeshonwa na nimesimama, kwa ajili ya mtu ambaye naye ameambiwa ni mshipa na amerudi nyumbani hana wa kumuuliza. Sina elimu ya daktari na sitajifanya ninayo. Ninachojua ni kwamba nina mabinti wawili, na tangu siku niliyoambiwa ugonjwa huu hupita kwenye damu, sikuwa na swali lingine maishani ila moja: nimempa nani?

Ulianza wakati wa mvua ndefu, majani yakiwa mengi hata mikono haitoshi. Nilihisi maumivu katikati ya mabega, nikasema ni kikapu. Mchumaji akilalamika mgongo, nani atashtuka? Nikanunua vidonge dukani, nikaendelea. Jioni binti yangu wa kwanza, Chelangat, alinichua kwa mafuta ya moto mpaka chumba kizima kikanuka kama duka la dawa. Chelangat ni fundi wa nguo, alikuwa na cherehani yake pale sokoni Kiptere. Ni mfupi kama baba yake, mviringo kama baba yake, na mwenye subira kama baba yake. Mdogo wake, Chepkorir, aliyekuwa fomu tatu, ndiye aliyetoka kwangu: shingo ndefu, vidole virefu, mbio kama swara. Watu wakituona barabarani wote watatu walidhani Chelangat ni mgeni.

Mvua ilipopungua, mimi nilikuwa siwezi kulala chali. Nilikuwa nikipanda kale kamlima ka kanisani nasimama mara kadhaa, najifanya nasalimia watu. Muuguzi wa zahanati akaniwekea kile chombo cha kusikiliza kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. "Mama, enda Bomet," akasema. "Enda kesho. Usingoje siku ya kupimiwa majani."

Kwenye benchi za ile hospitali ya misheni kule Bomet ndipo nilipojifunza kukaa. Mtu wa shamba hajui kukaa. Tulikaa mpaka nikawajua watu kwa vikohozi vyao. Ubavuni mwangu alikaa Mama Njeri, mfanyabiashara wa viazi kutoka Kedowa, Mkikuyu aliyezaliwa hapo hapo Kedowa na ambaye Kipsigis chake kinanishinda hata mimi kwa matusi. Yeye alikuwa na shida ya vali ya moyo, alishazoea. Alinitazama, akafungua kitambaa akanipa nduma.

"Kula, wee. Hawa watu wakikuita utapata nguvu ya kulia."

Nilikula. Nilipoitwa, kweli nililia.

Ile picha ya moyo wanaiita eko. Unalala ubavu, unapakwa kitu baridi kifuani, dada mmoja anakusukuma mbavu na chombo, na kwenye televisheni yake unaona ndani yako. Chelangat alikuwa amesimama miguuni pangu ameshika viatu vyangu. Yule dada alikuwa mpole, akatuonyesha. Kuna mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, unaitwa aota. Moyo ukipiga, mshipa unapanuka kupokea damu. Moyo ukipumzika, mshipa unarudi ulivyokuwa. Unapanuka, unarudi, maisha yako yote, hata ukiwa umelala. Mimi nilikuwa na miaka hamsini kasoro na sikuwahi kujua kwamba kuna kitu ndani yangu kinachobadilika umbo kila pigo.

"Sasa huu wako," akasema, "unapanuka, lakini kurudi haurudi vizuri."

Nikaona. Pale chini kabisa, karibu na moyo, mshipa ulikuwa umefura kama tumbo la kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Moyo ulipiga, ukaongezeka kidogo. Moyo ukapumzika, na wenyewe ukabaki hapo umezubaa.

"Ni kama lastiki ya sketi imechoka," Chelangat akasema.

Yule dada akamgeukia. "Ni hivyo kabisa. Umejuaje?"

"Mimi ni fundi. Lastiki ikichoka haiwezi rudishwa. Inatolewa."

Walinitolea wakati wa kiangazi, majani yakiwa machache, nami nilishukuru kwa hilo kama mjinga, nikisema angalau sitakosa mavuno. Daktari alisema atakata kipande kilichofura na kuweka bomba la kitambaa. Mama mkwe alikuja kutuona kabla ya upasuaji, akashika mdomo. "Kitambaa? Kitambaa kama hiki cha nguo?" Chelangat naye alitaka kujua ni kitambaa gani, kama kinavuta maji, kama kinashonwa kwa uzi wa aina gani. Daktari alicheka akamjibu yote. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Baada ya hapo kuna siku sizikumbuki. Ninachokumbuka ni kiu, na sauti ya Joel akiomba kwa Kipsigis pembeni ya kitanda, mtu ambaye hata shukrani ya chakula humwachia mwingine.

Nikarudi nyumbani na kifua kilichofungwa kwa waya. Usiniulize maumivu, nitakuambia aibu. Sikuruhusiwa kuinua mikono. Mimi! Mikono ile ile ikawa haiwezi kuchana nywele. Chelangat aliniosha mgongo, matiti, miguu, akanivalisha, akanifunga kitambaa kichwani, akanipeleka chooni. Cherehani yake aliifunika na gunia. Nilipokaa kimya niliusikia moyo ukipiga kifuani kwa namna mpya, kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa mabati. Lile bomba la kitambaa halipanuki na halirudi. Liko tu. Nililizoea, kama unavyozoea mkwe.

Mvua zikarudi, na michai haimngoji mgonjwa. Kikapu changu alikibeba Chelangat. Alikuwa mchumaji mbaya, masikini. Vichaka vilimfika kifuani, alirudi amelowa mpaka chupi, na kikapu kikiwa kimejaa kilimvuta nyuma mpaka akatembea akiwa ameinama. Akitoka kituoni anakwenda mtoni. Akitoka mtoni anapika. Mimi nimekaa mlangoni nimejifunika shuka, natoa amri kama karani. "Chelangat, ule upande wa juu mmeuacha sana." "Chelangat, maji ya ng'ombe." Siku moja alikaa kwenye ngazi, mkono kifuani, akasema amechoka. Nikamwambia, "Wewe mwenye umri huo? Mimi nilikuwa nachuma nikiwa na mimba yako." Nikajiona nimesema neno la maana.

Ee Mungu wangu.

Daktari alikuwa ametuambia mapema, siku ya kutolewa nyuzi. Aliniuliza habari za nyumbani kwetu, nikamwambia juu ya Wesley na kikapu chake, akaacha kuandika. Akauliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili. "Walete wote," akasema. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini kichwani nilimwona mmoja tu. Nani angemwona mwingine? Chepkorir alikuwa Wesley mtupu, aliyerudi na nywele za kusuka. Nilivyomwona akikunja yale magoti yake kuingia chini ya meza, nikahisi nimemzalia kaburi.

Nikamkataza kukimbia. Sikungoja picha. Nilimtuma Joel shuleni akamwambie mwalimu wa michezo kwamba msichana asiguse uwanja. Mwalimu alisikitika, kwa sababu mashindano ya kaunti yalikuwa karibu na kuna watu wa vyuo vya ng'ambo huja kuangalia watoto. Chepkorir alikuja nyumbani katikati ya wiki, kwa ruhusa, kuja kunigombeza tu.

"Mama, unanifungia juu ya ugonjwa yako? Mimi sijapimwa hata!"

"Utapimwa shule ikifungwa."

"Na kama niko sawa? Hao watu watakuwa wameenda!"

"Na kama hauko sawa? Unataka ufe kwa uwanja kama mjomba wako?"

"Mjomba hakukufa kwa uwanja. Alikufa kwa majani!"

Akaondoka bila kunywa chai. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni akijifanya anachambua mboga, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba upande wao hakuna mtu amewahi kuugua mishipa. Nilimtafuta Joel anitetee. Joel alikuwa amekwenda kwa ng'ombe. Miezi ile ng'ombe walipata mtu wa kuongea naye kuliko mimi.

Sikumlaumu mama mkwe, na hapo ndipo unaposhindwa kulala. Alisema kweli. Nilichukuliwa kwa ajili ya mikono, na mikono ilikuja na mzigo wake, nikauleta kwenye nyumba ya watu. Nilikuwa nikimtazama Chepkorir akilala, wakati wa likizo fupi, nikiangalia mshipa wa shingo yake unavyopiga, na namwomba Mungu ugonjwa aurudishe kwangu mimi. Nilifunga kwa ajili yake. Kina mama wa kanisa waliomba kwa ajili yake, wakataja jina lake. Jina la Chelangat halikutajwa isipokuwa kushukuru kwa utumishi wake.

Shule zikafungwa, baridi ile ya Agosti ikiwa kali. Asubuhi ya kwenda Bomet nilimwambia Chelangat abaki. Ndiyo, nilisema. Nilisema, "Wewe baki, nani atapeleka majani?"

"Daktari alisema wote, mama," akajibu. Alikuwa ameshavaa.

Joel akachukua kikapu ukutani. "Nitapeleka mimi," akasema. "Endeni wote watatu."

Benchini tukamkuta Mama Njeri, amekuja kuongezewa dawa, na chupa yake ya chai. Alimwangalia Chepkorir toka juu mpaka chini akatikisa kichwa. "Ngai! Huyu ni mnara." Chepkorir, ambaye hakuwa amecheka nami tangu mwezi wa mashindano, alicheka.

Aliitwa yeye kwanza, nikaruhusiwa kuingia naye. Dada wa eko alikuwa yule yule. Nilishika ukingo wa kitanda. Ile picha ilipotulia nikauona mshipa wake. Moyo unapiga, mshipa unafunguka. Moyo unapumzika, mshipa unarudi, chap, kama mdomo wa mtoto anyonyaye. Unafunguka, unarudi. Mwembamba toka mwanzo mpaka mwisho, hauna tumbo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nimeona mabinti wangu wakizaliwa. Dada akasimamisha picha ukiwa umefunguka akapima, akasimamisha ukiwa umerudi akapima. Daktari akaja akaangalia akasema uko sawa, wataurudia mwakani kuhakikisha, na akitaka kukimbia akimbie.

Nilitoka mle ndani. Nikapiga kigelegele kwenye korido ya hospitali, mimi niliyeambiwa nisipaze sauti. "Asante Yesu! Mtoto wangu ni mzima! Mtoto wangu ni mzima!" Mama Njeri akainuka na vali yake mbovu, tukakumbatiana tukazunguka. Askari akaja kutunyamazisha, akaishia kutabasamu. Chepkorir alisimama akilia na kucheka, akirukaruka karibu aguse dari. Nilimwomba msamaha hapo hapo kwa yale mashindano, akasema, "Wacha tu, mama, wacha."

Chelangat alikuwa ameingia. Sikumsindikiza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa pazia tu, na mimi nilikuwa upande huu, nakunywa chai ya Mama Njeri, napiga hesabu ya viatu vipya vya mbio. Alikaa sana mle ndani, nikadhani wanazungumza mambo ya cherehani. Kisha pazia likafunguka, dada wa eko akapita bila kuniangalia, akarudi na daktari. Na hata hapo, ningekuwa mwongo nikisema nilishtuka.

Tuliitwa. Chelangat alikuwa amekaa kitandani akifunga vifungo vya blauzi, polepole, kuanzia chini. Daktari alisema mshipa wake umepanuka. Si kama wangu, haujafika mahali pa kukata, lakini umeanza, na kurudi kwake ni kwa shida. Atameza dawa kila siku. Atapigwa picha kila baada ya miezi michache. Asibebe vitu vizito, asivute, asiinue. Na siku akitaka kupata mtoto, aje kwanza wazungumze, asije akiwa na mimba tayari.

Nilibishana naye. Kweli kabisa, nilibishana na daktari kama mtu anayebishana na karani wa mizani. "Lakini huyu ni mfupi! Huyu ni wa baba yake! Mwangalie!"

"Mama," daktari akasema, "mshipa hauangalii urefu. Kuna watu wengi wanao na huwezi kuwajua kwa macho. Ndiyo nilisema wote."

Mwangalie, nilisema. Kana kwamba mimi nilikuwa nimewahi kumwangalia.

Tulipofika stendi kulikuwa na mfuko wa unga na mfuko wa mbolea tuliyonunua. Chelangat akainama kuuchukua ule mzito, kwa mazoea. Nikamrukia. Nikaushika mimi. Akaniondoa mkono, maana mimi nami nimekatazwa. Tukasimama hapo tunanyang'anyana mzigo ambao hakuna anayeruhusiwa kuubeba, mpaka Chepkorir akasema, "Nyinyi wawili mnanitia aibu," akainua yote miwili. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Halafu nikatazama vidole vya Chelangat, vimekatwakatwa na michai na vimeingia weusi wa majani, na kicheko kikaniishia.

Sasa siku zimepita. Joel na kijana wa kuajiriwa ndio wanaochuma. Chepkorir anakimbia, na nikimwona akipita barabarani alfajiri namshukuru Mungu, lakini polepole, kwa sauti ya chini. Chelangat ameifunua cherehani, ameileta barazani. Dawa anameza asubuhi baada ya chai, na mimi namwangalia mpaka ameze. Kama nawe umeambiwa ulete watoto wote, lete wote. Usimchague kwa macho. Yule anayekubebea ndoo, mwanzie huyo.

Daktari ameniambia kikapu hakikuuleta ugonjwa, ulikuwepo tangu tumboni. Kwamba huenda kilimwongezea, au hakikumwongezea, hakuna ajuaye. Nimeshika neno hilo pande zote na halinipi usingizi. Kwa hiyo juzi nilitoka ndani nikaenda barazani, nikavuta kigoda, nikamwambia mtoto wangu, "Chelangat, nisamehe."

"Juu ya nini?"

"Kikapu. Maji. Yale maneno ya siku ile ulikaa kwa ngazi."

"Mama, ulikuwa mgonjwa. Nani mwingine angebeba?"

"Na ile kelele yangu pale kwa korido. Wewe ukiwa ndani."

Hapo akaacha kukanyaga cherehani. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Nilikusikia," akasema. "Yule dada alikuwa ameshanyamaza wakati huo. Alikuwa anapima mahali pamoja tu, anapima tena. Nikajua. Alitaka kutoka akaite daktari, nikamshika mkono, nikamwambia tafadhali ngoja kidogo, wacha mama amalize kufurahi."